Petroli Tupu

Miaka ishirini nimeitunza mwenyewe mashine ya boti aliyoniachia marehemu mume wangu. Ikitoka baharini naiwasha ndani ya pipa la maji ya bomba itoe chumvi, nasugua plagi, na oili ya kulainisha pistoni nachanganya kwenye petroli kwa mkono wangu. Shemeji yangu aliiazima, akaitilia petroli tupu.

"Oili inafuka moshi, shemeji. Watu wananicheka."

Haikumaliza saa, ikanoki. Nilipoifungua, pistoni ilikuwa imechubuka na kung'ang'ania silinda. Mbele ya ukoo akasema nimeiua mimi, mwanamke anajua nini kuhusu mashine. Wote wakaitikia.

Jana kaniletea mashine yake mpya, eti nimsafishie kabureta.

Nikamwambia, "Mpelekee mwanamume."