Nani Atagonga Chupa Sasa?

Kling! Ndivyo ilivyolia, kijiko kwenye chupa tupu ya soda, na hadi leo nikifumba macho naisikia wazi kuliko redio ya jirani. Ilikuwa sauti ya kliniki ya Homa Bay siku ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaowabana watoto wetu viungo mpaka kilio kinakauka. Mwenye chupa hiyo amefariki. Nesi wa kliniki alinipigia simu nikiwa nyumbani Masara, naanika nguo, akasema, "Dada, daktari wetu hayuko tena." Nikamwambia aache mzaha. Mtu mwenyewe, wasomaji wangu, alikuwa na kazi nyingi hivi kwamba sikudhani angepata nafasi ya kufa.

Alikuwa mhariri mkuu wa jarida la utafiti wa selimundu, jarida ambalo mimi na wewe hatulisomi, limejaa michoro na maneno ya kuvunja meno. Alipokabidhiwa uongozi aliihamisha ofisi kutoka jijini hadi chumba kimoja kando ya kliniki, wenzake wakamcheka. Kisha akaweka sharti: kila makala itanguliwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, nao usomewe kwanza akina mama wanaoleta watoto pale. Damu iliyopimwa ni ya watoto wao, alisema, basi wao wasiwe wa mwisho kusikia. Yeye aliandika ukurasa, mimi niliyeishia kidato cha nne na niliyekuwa nikimsindikiza mdogo wangu kliniki nikapewa kazi ya kuusoma kwa sauti. Nilijiona mtangazaji wa runinga. Hata viatu nilipiga rangi.

Siku ya kwanza nikasoma mpaka mwisho. Akauliza, "Mmeelewa?" Wote wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, daktari!" Akamgeukia mama mmoja kutoka Rodi Kopany aliyempakata mwanawe. "Mama, nimesema nini?" Mama akatazama sakafu. Huku kwetu daktari haambiwi hapana. Ni kama kumrudishia mwenyeji sahani ya chakula. Ndipo daktari akaokota chupa ya soda na kijiko, akavitia mikononi mwa yule mama. "Midomo yenu ina adabu sana," akasema. "Usiseme kitu. Ukipotea tu, gonga."

Jameni, waligonga! Makala moja kuhusu kuongezewa damu iligongwa mpaka nikatamani kuivunja ile chupa. Kila wiki daktari anaandika upya, kila wiki kling. Mtafiti mwenyewe akapiga simu kutoka jijini, tunamsikia hata sisi tulio mlangoni: "Yaani jarida la wataalamu linasimamishwa na chupa ya soda?" Daktari akamjibu, "Ndiyo, bwana. Na soda yenyewe ilishanywewa." Tukacheka. Lakini si kicheko kilichonibaki, ni hasira. Mtu huyu hakumfundisha yeyote kuandika ukurasa ule. Nilimwambia, "Daktari, tafuta mtu umwonyeshe." Akanikazia macho, akaniita binti wa Masara kwa Kijaluo, "Nyar Masara, unaniona nimechoka?" Nikamwambia, "Nakuona umekonda." Akasema nisome, watu wanangoja. Kumbe alikuwa mgonjwa siku nyingi na hatukuambiwa. Nampenda, nitamlilia, lakini aki alinikera!

Tukamzika kwao, Rangwe. Mnajua matanga yetu: mahema, vipaza sauti, na hotuba ambazo zikiisha hujui aliyekufa ni nani na anayetafuta cheo ni nani. Mhariri mpya, msomi wa jijini, alikuwa ameshateuliwa. Alisimama akamsifu marehemu vizuri sana. Mama wa Rodi Kopany, aliyeketi mbele na soda yake na kijiko cha chakula, akauliza kwa sauti, "Daktari, ule ukurasa wetu utaendelea?" Msomi akatabasamu. "Mama, suala hilo tutalitathmini ndani ya mkakati mpana wa uendelevu."

Kling.

Sikujua nicheke au nijifiche. Msomi akakohoa. "Ninachomaanisha, bodi itaketi ioanishe vipaumbele." Kling, kling, safari hii ni hema zima la akina mama, kila mmoja na chupa yake. Mzee mmoja wa ukoo akanong'ona, "Hawa wanawake wanaaibisha boma." Mkewe akamwambia, "Nyamaza, sikiliza jibu." Msomi akafuta jasho, akaweka kipaza sauti chini kidogo. "Sijui," akasema. "Sijui nitampataje mtu wa kuuandika. Mimi siwezi." Chupa zikanyamaza. Mama akamwambia kwa upole, "Hiyo sasa tumeelewa, daktari. Asante."

Tangu siku ile siwezi kumchukia yule msomi. Kiti alipewa, kazi hakukabidhiwa. Ndivyo tulivyo, kanisani, kwenye vyama vya akina mama, hata kwenye mashimo ya dhahabu hapa Masara: mwenye ujuzi anaukumbatia mpaka anaingia nao kaburini, na anayekuja anaachiwa kiti chenye joto la mtu mwingine. Halafu tunalaumu mrithi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini fimbo ya karibu nayo ikizikwa na mwenyewe, nyoka atauawa na nini? Anayepokea uongozi leo aanze leo leo kumwonyesha mwingine, na sisi tulio karibu tusingoje kuitwa. Mimi nilisoma kurasa zile miaka yote nikidhani kazi yangu ni sauti tu.

Toleo jipya limetoka. Ukurasa haumo. Nesi aliniazima nakala moja pamoja na ile chupa, iliyokuwa bado dirishani, akaniahidi kunisahihisha nikikosea. Juzi mdogo wangu alipokuwa shuleni nilifunga mlango, nikafungua kamusi, nikahangaika na makala ya kwanza mpaka nikapata aya moja ya Kiswahili. Nikasimama, nikajisomea kwa sauti kama mtangazaji. Nilipofika sentensi ya pili sikuelewa nilichoandika.

Nikachukua kijiko, nikagonga. Kisha nikaketi, nikaanza upya.