Chuma Kinachoota Sugu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine ya kukerezea, shangazi yangu Chausiku hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akijisugua kiganja cha kulia kwa jiwe la mtoni. Anaondoa sugu. Ameshika magurudumu ya mashine hiyo miaka ishirini na sita, na sugu hazichoki kuota. Anasema kiganja chenye sugu hakisikii chuma kinasemaje.

Mwezi wa nne kiwanda kimoja cha vigae kilisimama. Mhimili wa feni ya tanuri ulikatika, watu arobaini wakarudishwa nyumbani, akiwamo Maimuna, binti wa shangazi. Karakana ya Yusuph, pale Msamvu, anakofanya kazi shangazi, ikaletewa vipande viwili vya aloi ya nikeli, chuma kinachovumilia moto, ili Chausiku akereze mhimili mpya. Cha tatu hakikuwapo.

Cha kwanza alikiharibu. Alikiendea kwa woga: akakata kidogokidogo, akisimama kila mara kutazama. Ncha ya kisu cha mashine ikawa inasugua badala ya kukata, na aloi hiyo ikisuguliwa huzidi kuwa ngumu. Ikaota sugu. Ncha nne zilivunjikia juu yake.

"Bi Chausiku," Yusuph akasema, "mbona unakibembeleza kama mkwe?"

"Mkwe ukimuudhi anarudi kwao. Hiki kwao wapi?"

Yusuph alicheka peke yake.

Siku mbili Chausiku alikifanyia majaribio kile kilichoharibika, akiandika kwa chaki mlangoni. Mashine ikizunguka mbio, joto linabaki kwenye ncha na kuila. Mizunguko ikipungua, ncha inadumu. Lakini ikisogezwa taratibu mno, au ikichimba kidogo mno, inarudia kusugua. Mwishowe mlangoni yakabaki mambo matatu: kwa unene ule, mizunguko mia moja na sitini kwa dakika, kila mzunguko ncha isogee sehemu mbili za kumi za milimita, kina cha mkato kisipungue nusu milimita. Chini yake akaandika: maji ya kupoozea yasikatike.

Alhamisi saa tatu alianza cha pili. Mkato wa mwisho ulipofika katikati, sauti ilipanda ikawa kama filimbi.

"Zima! Bi Chausiku, zima!" Yusuph akapaza sauti.

Angezima, ncha ingesugua palepale na kuacha pete ya sugu katikati ya mhimili. Asipozima, na ncha imekwisha, kipande kimekwenda, na Maimuna hana pa kurudi. Shangazi aliweka kiganja juu ya gurudumu la kusogezea, akainamisha kichwa. Ncha bado ilikuwa inakata. Kwa mkono wa kushoto akausukuma mpira wa maji, uliokuwa umeteleza pembeni, ukarudi kwenye ncha. Filimbi ikashuka polepole.

Kilitoka saa sita kasorobo. Yusuph alikipima kwa maikromita mara tatu, akaitikia kwa kichwa, akaenda nje kumpigia Maimuna simu kwamba mhimili uko tayari.

Nilimpa shangazi kitambaa. Akajifuta mikono. Nikamuuliza lile moja lililonikaa tangu asubuhi.

"Shangazi, uliogopa?"

"Niliogopa," akasema, "kuanzia saa tatu mpaka kilipotoka."