Jiwe Lililojua Saa Yangu

Kwetu Khwisero tumezaliwa na shaka. Baba akiletewa mbolea hufungua gunia na kuinusa kabla ya kusema asante. Kwa hiyo nilipokuwa nikisomea shahada ya pili mjini Kakamega, na hesabu zangu zikatoka sawa mara ya kwanza, sikufurahi. Niliogopa.

Kazi yangu ilikuwa kujua jiwe moja la barafu, lililo mbali kupita Neptuni, huchukua muda gani kujizungusha. Umbo lake halionekani. Katika picha ni nukta tu. Lakini nukta hiyo hung'aa na kufifia kadiri jiwe linavyogeuza ubavu mpana na mwembamba. Kwa picha za darubini ya nchi ya mbali nilipata muda wa saa kumi na nne na dakika ishirini na nne. Msimamizi wangu alisema angetuma makala kwa jarida Ijumaa ya wiki iliyofuata, jina langu likitangulia.

Jumamosi nilienda nyumbani. Baba alikuwa hasalimiani na ndugu yake, ambaye shamba lake limepakana na letu. Kila asubuhi baada ya chai Baba alikagua miwa michanga, akakuta imeliwa, na hakuwa na shaka ni ng'ombe wa nani. Nilimweleza habari za jiwe langu ili tu aache kumsema baba mdogo.

"Hiyo kitu unaiangalianga saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa ile ile kila siku. Ndipo darubini inapopata nafasi."

"Basi imeshajua saa yako."

"Na wewe, Baba, shamba unaliangalianga saa ngapi?"

Alisukuma kikombe chake kando. Mimi nami chai ilinishinda. Kwa siku tatu, jiwe la hesabu yangu hujizungusha mara tano. Jiwe linalotumia muda wa saa tisa hujizungusha mara nane. Ukiyachungulia mara moja tu kwa siku, saa ile ile, yote mawili yatakuonyesha ubavu ule ule. Niliomba picha za saa tofauti kutoka darubini nyingine. Zilifika Jumanne, na jibu lilikuwa saa tisa.

Sikumwambia msimamizi. Nilianza kuishuku darubini ya pili. Pengine kioo chake kilikuwa na vumbi. Nikamshuku hata aliyenitumia picha. Nilishuku kila mtu isipokuwa mimi, na nilijua ninachofanya, na niliona haya.

Alhamisi mchana Mama alinipigia simu. Alisema Baba ameenda shambani saa saba, jua likiwa utosini, akamkuta mtamba wetu wenyewe, aliyeng'oa kigingi, katikati ya miwa.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Ameshika jogoo, ameenda kwa ndugu yake."

Kwetu ukibeba jogoo kwenda kwa mtu mliyekosana, kila anayekuona njiani anajua unaenda kuomba radhi. Baba yangu, ambaye sijawahi kumsikia akikiri kosa, alipita sokoni mchana kweupe na jogoo kwapani.

Nilikata simu nikapanda ngazi hadi ofisi ya msimamizi. Sikuwa na jogoo. Nilibisha hodi.