Mzia Niliyemrudisha Majini

Mimi ni mtu wa Nyandarua. Kwetu samaki hakuwa chakula, na hadi nilipofika Dubai kulinda mlango wa hoteli moja kule Al Barsha, sikuwa nimewahi kushika ndoana. Aliyenifundisha kuvua ni dereva wa basi la wageni pale hotelini, Mzanzibari aliyeletwa mjini humo na wazazi wake kabla hajaanza shule. Ijumaa zetu za mapumziko zikilingana, alinipitia nilikokaa Al Muraqqabat asubuhi na mapema, tukaenda kuvulia kwenye mawe ya ufuo wa Mamzar kabla jua halijakuwa kali.

Miezi mitatu ilipita bila mimi kupeleka nyumbani hata samaki mmoja. Si kwamba sikupata. Nilikuwa nikipata mzia, yule samaki mrefu mwenye mdomo uliochongoka na meno ya kukata mshipi, na kila nilipompata, dereva alimtupia jicho mara moja tu.

"Kitoto huyo. Mrejeshe."

"Lakini kaka, ona alivyo mrefu."

"Urefu si utu uzima. Hujapata kuona mtoto wa darasa la sita kampita mwalimu wake?"

Nilimwomba anieleze basi mkubwa anajulikanaje. Alinieleza vipande vipande, leo hiki na wiki ijayo kile, macho yake yakiwa kwenye maji. Jicho la kitoto huonekana kubwa mno kwa kichwa chake. Ukimpitishia kidole gumba nyuma ya kichwa utausikia mfupa, ilhali mkubwa amejaa nyama pale. Mkubwa ana tumbo. Niliyaandika yote kwenye simu, na bado kila nilipotamka kwamba huyu sasa ni mkubwa, aliniambia sijatazama vizuri. Nilianza kuhisi kwamba ananichezea.

Kisha mwenzangu wa chumba, Mkamba ambaye nilikuwa nimelala kitanda cha juu yake miaka minne, akamaliza mkataba. Alikuwa anarudi Machakos moja kwa moja. Wenzetu chumbani walikuwa wakinicheka kwa safari zangu za bure. Yeye hakunicheka hata siku moja.

"Kabla sijaenda," aliniambia, "nataka nile samaki uliyemvua wewe. Sio wa friza."

Nikamwahidi samaki wa Ijumaa mchana.

Ijumaa hiyo dereva alipangiwa wageni wa uwanja wa ndege, kwa hiyo nilikwenda Mamzar peke yangu. Saa mbili asubuhi mzia akameza chambo. Alinivuta hadi viganja vikauma. Nilipomtoa nilimlaza juu ya jiwe nikampiga picha, halafu nikampima kwa kila nilichofundishwa. Jicho halikuwa kubwa. Nyuma ya kichwa palikuwa na nyama. Lakini tumbo lilikuwa bapa kabisa, kama la mtu aliyelala na njaa. Nilimgeuza huku na huku, naye akizidi kuhema. Nikaisikia ile sauti: hujatazama vizuri. Nikamrudisha majini.

Hakuna samaki mwingine aliyekula chambo hadi adhuhuri. Tulimuaga mwenzetu kwa kuku na wali wa kununua. Alikula, akashukuru, akasema samaki ni bahati.

Kesho yake nilimwonyesha dereva ile picha uani mwa hoteli.

"Huyu mkubwa," akasema. "Kwa nini ulimwacha?"

"Hana tumbo. Wewe ulisema mkubwa ana tumbo."

"Ah, huyo dume. Tumbo la mayai ni la jike. Dume hukomaa angali mwembamba."

"Hukuniambia habari za dume hata siku moja."

"Hukuniuliza."

"Nitaulizaje kitu nisichokijua?"

Akainua mabega, akasema khalas, yamekwisha, samaki wako wengi. Nikamwambia samaki ni wengi, ila mtu niliyemwahidi anaondoka kesho. Nikarudi mlangoni kwangu, na kwa wiki mbili sikumpa zaidi ya salamu.

Yeye ndiye aliyenijia. Ijumaa moja nilimkuta ameegesha gari chini ya jengo letu, na sikuwa na sababu ya kukataa. Siku hiyo alipata mzia wawili waliolingana urefu. Hakutupa tena mshipi. Aliwalaza sambamba, akawapasua, akaniita nichutame. Wa kwanza alikuwa na mayai ya manjano yaliyojaza tumbo zima. Wa pili, mwembamba, alikuwa na vipande viwili virefu vyeupe, na alipovibonyeza vikatoa kitu kama maziwa.

"Wote wawili watu wazima," akasema. "Ningekuonyesha hivi tangu mwanzo. Nisamehe, bwana."

Nilimwambia yameisha. Nikampokea yule dume, nikaenda naye nyumbani, nikamkaanga. Alikuwa mtamu, na hilo lilizidi kuniudhi, kwa sababu kile kitanda cha chini yangu kilikuwa tayari na mtu mwingine.