Redio ya Baba Mkwe na Spika Zangu Mbili

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka Jumapili ile kule Gasorwe kwa wakwe natamani kujifunika shuka mchana kweupe.

Baba yake Odeta, mchumba wangu, alinikabidhi redio yake niitengeneze huku Gitega (ndiyo aliyorudi nayo kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, imefungwa kipande cha mpira wa baiskeli maana mfuniko wa betri ulishapotea), nami nikasema moyoni, hapa ndipo pa kumwonyesha mzee kwamba binti yake anakwenda kwa mwanaume. Hela yangu ilitosha amplifaya au spika mbili kubwa, siyo vyote, basi nikazunguka sokoni na redio ile kwapani, huyu anasifu besi, yule anasifu nguvu, kichwa kikavurugika kabisa, hadi Mama Neema, mfanyabiashara kutoka Bukavu, akaniambia, "Ongeza iyi radio ya muzee, mi nakupa vyote." Nikampa. Tena nikicheka.

Jumapili nikashuka Muyinga, nikakodi pikipiki mbili hadi Gasorwe, moja yangu, moja ya spika. Baada ya misa majirani huja kwa mzee kusikiliza kwaya na matangazo ya vifo, kila mtu na kigoda chake, kwa hiyo uwanja ulijaa. Nikafunga nyaya kwenye betri ya sola, taa nyekundu ikawaka, watu wakapiga makofi. Kimya. Nikageuza nyaya. Kimya. Nikapuliza spika (msiniulize kwa nini).

"Mwanangu," mzee akauliza taratibu, "habari zinatokea wapi hapa?"

"Kwenye spika, baba."

"Na spika inazipata wapi?"

"Kwenye amplifaya."

"Na amplifaya je?"

Mama yangu wee! Nimeleta koo na mdomo, mwenye maneno nimemwacha sokoni!

"Redio yangu iko wapi?"

"Iko kwa fundi, baba," nikadanganya, nikakimbilia nyuma ya jiko kumtumia Mama Neema ujumbe asiiuze. Nikarudi, nikachomeka simu kwenye amplifaya ili angalau kwaya isikike. Sijaitafuta hiyo kwaya, simu ikaita, nikapokea, nikaiweka sikioni kama mtu mwenye akili, na kilima kizima kikasikia:

"Ile radio ya muzee? Mi nilishaiuzisha, muntu wa Giheta ameibeba. We si ulisema iko takataka ya kizamani?"

Sauti safi ajabu, besi mpaka kuku wakatawanyika. Odeta akajifunika uso kwa kitenge. Mzee akasimama, akachukua kigoda chake.

"Sasa nimesikia vizuri," akasema. "Maneno ya mahari tutayaendeleza redio ikirudi."

Tangu hapo kila siku ya soko niko Giheta, nazunguka vibanda nikiulizia redio iliyofungwa mpira wa baiskeli, watu wananiona kichaa. Spika ziko kwangu Yoba, huku Gitega, naanikia soksi. Naapa, mtu akinipa kitu chake nikitengeneze, nitakitengeneza, basi.