Vigae Nilivyosugua kwa Majivu

Majivu yakimwagiwa maji hutoa harufu kali, kama ya chokaa na moshi wa jana. Krismasi iliyopita niliisikia nyuma ya jiko la mdogo wangu Njeri, huko Bungoma, tukiosha sufuria za pilau. Binti yake, anayetaka kwenda chuo kikuu kusomea akiolojia, alikuwa akisuuza vyombo karibu nasi.

"Muulize mama mkubwa," Njeri alimwambia. "Yeye hiyo kazi walimfukuza!"

Kamau, mdogo wangu wa kati, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nami nikacheka. Hadithi hiyo huchekwa kwetu kila mwaka. Ila wanaijua nusu tu, na nusu ya pili sijamwambia mtu. Wewe nitakuambia.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikiwa darasa la nane, wakatuacha watatu kwenye shamba letu la Saboti, nje ya Kitale. Baba wadogo walikuja kutoka Nyeri na mpango wao tayari: Kamau aende huku, Njeri aende kule. Nilisema hakuna mtoto atakayetoka pale nikiwa na nguvu za kupika ugali. Nikakunja sare yangu ya shule, nikaiweka chini ya sanduku. Wadogo zangu wakishaenda shule asubuhi, nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia kuku akitembea juu ya majani makavu ya mahindi.

Juu ya shamba kulikuwa na mashimo mapana ya mviringo, yameota nyasi, ambayo watu waliyaita mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale wa huko. Sisi tulikuwa tukiyatelezea kwa matako. Mwaka ule wakaja watu wa chuo kikuu kuyachimba. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwembamba, kofia yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Tulimwita Daktari. Alikwangua udongo kwa mwiko mdogo, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Alinipa kazi ya kuosha vigae vya vyungu kwa maji na mswaki. Akanionyesha mistari iliyochorwa kwa kubingirisha kamba juu ya udongo mbichi, na mahali fulani alama ya kidole cha mfinyanzi. Niliweka kidole changu pale, kikatosha. Sijui nikuelezeje. Tangu mama afe, hakuna kitu kilichokuwa kimenishika mkono hivyo.

Siku moja Daktari aliniambia kwamba baada ya Saboti wangehamia Kabuchai, upande wa Bungoma. Dada yake alikuwa mwalimu huko. Ningeweza kukaa kwake, nirudi shule, na wakati wa likizo nichimbe nao. "Fikiria," alisema. Sikufikiria kitu kingine wiki nzima. Nikipakua chakula nilikuwa Kabuchai. Nikichana nywele za Njeri nilikuwa Kabuchai, na nilijionea aibu.

Ijumaa wote walienda Kitale kununua vyakula. Kulikuwa na trei moja ya vigae ambavyo sikuwa nimepewa, vyeusi kwa masizi, ndani vimeganda ukoko wa chakula. Nilidhani wameona haya kunipa vichafu namna ile. Nikaleta majivu na nyuzi za mkonge, nikasugua kama mama alivyonifundisha kusugua sufuria, mpaka jua likageuka. Nikavipanga juani kimoja kimoja, nikangoja kusifiwa.

Wafula, mwanafunzi kutoka Mabanga, ndiye aliyeviona kwanza.

"Ai, bana! Umesugua mpaka zinang'aa! Sasa unataka tupakue chakura?"

Daktari hakucheka. Aligeuza kigae kimoja baada ya kingine. Kisha aliketi kando yangu akanieleza kwamba ule ukoko ulikuwa ndio mabaki ya mlo wenyewe; ungepimwa, ungeonyesha kama walipika nafaka, nyama ama maziwa. Niliuondoa wote. Akafungua daftari, akaniuliza nilitumia nini na kwa muda gani, akaandika kila neno. Nililia nikijibu.

Nyumbani niliwasimulia wadogo zangu. Hapo ndipo kicheko kilipoanzia.

Siku ya kuondoka, Daktari alinikuta nikifunga magunia.

"Utakuja ama hutakuja?"

"Daktari, si niliharibu?"

"Uliharibu. Wafula naye alikanyaga ukuta wa shimo akaubomoa, na bado nakula naye. Wewe sikukuambia kwamba vile havioshwi. Utakuja?"

Nilitazama njia ya kwenda kwetu. Baba wadogo wangesikia nimeondoka hata kabla vumbi la gari halijatulia.

"Siwezi, Daktari."

Alinishika mkono kwa muda, halafu akapanda gari.

Nilipofika nyumbani, Njeri alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, ameshika mwimo kwa mikono miwili.

"Wamekufukuza?"

Nilikuwa nimefungua kinywa kusema hapana. Nikaona vidole vyake vilivyoung'ang'ania mwimo.

"Wamenifukuza," nikasema.

Uso wake ukajaa furaha, kisha akaona haya kwa kufurahi, akakimbia kuniletea maji ya kunywa.

Nilidhani nimewaondolea mzigo wa kujua kwamba nilibaki kwa ajili yao, basi. Wamesoma, wana nyumba zao, wala sijutii hata ugali mmoja niliosonga. Lakini miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba siku ile nilijitenga nao. Wanaponicheka wananipenda, najua. Wanampenda yule msichana aliyekosea. Yule aliyeambiwa njoo, akatamani kwenda, akabaki, hawajawahi kukutana naye. Nimeishi naye peke yangu.