Kope za Kijani za Jumapili

Juzi, kwenye soko la Manika, huku kwetu kwenye migodi ya shaba, nilikuwa nimeshalipia mafuta yangu ya ngozi kwa mama muuza vipodozi, ambaye pia huwafundisha wanaoanza kujipamba. Msichana mmoja wa mtaa wa Musonoi, mwanafunzi wake, akamfungulia daftari. Alikuwa amechora nyuso saba, mmoja kwa kila siku: Jumatatu poda kidogo, Jumanne wanja tu, na Jumapili ya misa, kope za kijani.

"Unapanga muzuri, binti," mama akamsifu. "Wa kuanza, rangi moja inatosha." Akamwinua kidevu. Kope zilikuwa zimeshapakwa, kijani kinachometameta. "Hii ulinunua wapi?"

"Haiko ya kununua, mama. Ni majiwe ya malakite, ile ya kijani ya shaba. Kaka yangu anachimbaka ku karyeri, ananiletea. Mi natwanga, nachunga na kitambaa."

Brashi ikamponyoka mama. Mimi nikapiga ukelele kama niliyekanyaga nyoka. Unga wa karyeri, shimo la mgodi wa shaba, machoni! Mama alishanyakua kikombe cha maji, anamwinamisha, anamwosha, anamgombeza: "Unataka kupofuka?"

Msichana alijipangusa, akatutazama sisi wawili kwa mshangao wa kweli.

"Lakini kaka anarudiaka nayo uso muzima kila siku, ata ndani ya macho. Hakuna mutu anamukimbiliaka na mayi."

Kikombe kilibaki hewani. Nami, niliyepiga kelele kumzidi mama, nikauliza bei ya mafuta yaliyokuwa tayari mkobani mwangu.